Nafasi ya Nusu Lita

Sahani ya pilau ilipomfikia, hakuiweka mapajani kama wageni wengine. Aliinyanyua kwa mikono miwili juu ya uso wake, akainua kidevu, akaitazama upande wa chini. Ilikuwa harusi ya binamu yangu hapa Kagongwa, turubai limefungwa kati ya nyumba mbili, na watu wa upande wa bwana harusi walidhani mzee anakiombea chakula, wakanyamaza kwa adabu. Mmoja akaitikia amina. Yeye akaishusha, akaniambia mimi niliyekuwa nagawa kwamba ile alama ya kiwanda imebandikwa tu, ikioshwa mara tatu itatoka. Kisha akanawa, akala, akaomba kachumbari zaidi.

Tulimwita Bwana Mizani, na ndivyo nitakavyomwita hapa. Kazi yake yote aliifanya Shinyanga na vijiji vyake, akikagua mizani za vituo vya kununulia pamba. Alifika na sanduku la mawe ya shaba ya kupimia, akapachika jiwe, akasoma, akapachika jingine. Mizani ikisema kweli, aliipiga muhuri mdogo kwa nyundo, alama ya mwaka ule. Ikisema uongo, aliifungia, hata mwenye kituo akimletea mbuzi. Alipostaafu alihamia nyumba ya tatu kutoka kwetu. Lori lililomleta lilishusha kitanda, viti viwili, na masanduku manne yaliyozungushiwa blanketi, ambayo hakuruhusu mtu mwingine ayaguse. Kabla jua halijazama mtaa mzima ulishajua mna nini ndani. Huku kwetu kitu kinachobebwa taratibu namna ile ni dhahabu, hakiwezi kuwa kingine.

Vilikuwa vyombo vya kulia. Nilikuwapo alipofungua sanduku la kwanza, kwa kuwa nilijipeleka mwenyewe kwa kisingizio cha kumpelekea maji ya kuoga, na nakumbuka nilivyosikitika. Sahani za kijivu, mabakuli ya kijivu, vijiko vya kijivu vyenye vichwa vya duara, na vyombo virefu vyenye mikono, vya kijivu pia. Nilimwuliza kama ni fedha. Akasema hapana, ni pyuta, yaani bati lile linalochimbwa, si la kuezekea, limeyeyushwa na kuchanganywa na vitu vingine, zamani mara nyingi risasi. Nikamwuliza basi vina thamani gani. Akafikiri kwa muda mrefu, maana hakuwa mtu wa kujibu ovyo, akasema inategemea nani anauliza.

Vilitoka kwa mapadre wa Kifaransa waliofika Ushirombo enzi za babu wa babu zetu, wakavibeba kutoka kwao, wakavilia na kuvinywea mpaka wakazikwa. Waliokuja baadaye walikuwa na sahani za udongo, kisha za plastiki, na vile vya kijivu vikatawanyika. Kimoja kwa mpishi, kingine kwa katekista, kingine kikaishia uani kikiwa na maji ya kuku. Bwana Mizani alikuwa amekwenda kukagua mizani huko Bukombe, iliko Ushirombo, mvua ikamzuia, akaingia nyumba moja kujibanza, na mwenye nyumba akamwekea karanga kwenye sahani. Alipozimaliza karanga akaigeuza. Huo ndio mwanzo wa ugonjwa wake, kama alivyouita mwenyewe. Kila likizo baada ya hapo aliimalizia kwenye njia za Bukombe, kwa baiskeli, baadaye kwa bodaboda, akiomba kuonyeshwa vyombo vya bibi zao.

Vyombo vyake vilikaa sebuleni, kwenye rafu ndefu ya mninga inayotazamana na dirisha. Ukitaka kuviona vizuri ilikupasa uende saa kumi jioni. Jua lilipoinama na kuingia dirishani, vitu vingine vyote vya chumba kile viling'aa, hata msumari wa kalenda, lakini vile havikung'aa. Viliupokea mwanga na kubaki nao, na kwa dakika chache rafu yote ilikuwa ya rangi ya wingu la mvua linapokaa mbali juu ya mbuga, halijaamua kuja. Nimekaa kwenye kiti chake cha pili jioni nyingi za namna hiyo, na sasa nikizikumbuka siwezi kuzitenganisha, zimekuwa jioni moja ndefu yenye harufu ya vumbi na chai ya mchaichai.

"Dhahabu inakuita," aliniambia mara moja. "Hii inakungoja tu."

Alikuwa na lenzi ndogo aliyoifunga kwa kamba ya kiatu, inakaa mfuko wa shati. Kwa lenzi ile alinifundisha kusoma. Chini ya sahani, au pembezoni, mna alama iliyogongwa, saizi ya ukucha wa mtoto. Ukiona herufi F ina taji juu yake, ile ni pyuta safi, bati karibu tupu. Ukiona C yenye taji, ni ya kawaida, fundi ameongezea risasi. Mara nyingi jina la mji lipo, limebanwa kuzunguka taji, na mara nyingine mwaka. Hapo kwenye mwaka alikuwa mkali. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, rafiki yake wa Shinyanga mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alikuja kumtembelea, akasoma mwaka chini ya sahani, akapiga hesabu kwa vidole na kutoa macho. Bwana Mizani akamkata kauli. Ule si mwaka wa sahani, ni mwaka ambao sheria ya muhuri ilitoka, na fundi aliendelea kugonga mwaka uleule hata mjukuu wake alipochukua nyundo. Rafiki yake akamwambia angenyamaza tu, sahani ingezeeka bila gharama. Wakacheka wote wawili mpaka chai ikapoa.

Pembeni mwa alama za fundi palikuwa na alama za wenyewe, herufi mbili zilizokwaruzwa kwa ncha ya kisu, na hizo ndizo nilizozipenda mimi. Mtu fulani aliogopa sahani yake isichanganywe na ya jirani. Mama yangu anafanya vilevile kwa rangi ya kucha chini ya sufuria akizipeleka msibani.

Lakini yeye alivipenda zaidi vyombo virefu vyenye mikono. Hivyo havikuwa vya kulia, vilikuwa vipimo vya mvinyo, seti ya vyombo saba, kuanzia lita mbili na kushuka hadi kijikombe kisichozidi kidole gumba. Kwenye mdomo wa kila kimoja palikuwa na safu ya herufi ndogo sana, A, B, C, nyingine zimerukwa, nyingine zimegongwa juu ya nyingine kwa uchovu. Miaka mingi padri mmoja mzee alimwambia ni mapambo. Siku moja, amekaa na nyundo yake ya kazi mapajani, akaelewa. Mkaguzi wa huko Ufaransa alikuwa akipita kwenye vilabu vya mvinyo kila mwaka, anamimina, anatazama, na kipimo kikiwa cha kweli anakigonga herufi ya mwaka ule.

"Walikuwa wenzangu, Kabula," aliniambia, na machozi yalimlengalenga. "Watu wa kazi moja na mimi."

Tangu hapo alimwota mmoja wao. Aliniambia ndoto ile mara nyingi na kila mara iliongezeka kitu. Ni mji ambao jina lake liko chini ya sahani yake kubwa, mvua inanyesha nyembamba, njia ni ya mawe. Mtu anakuja na sanduku kama lake, koti limelowa. Wanakutana mlangoni mwa kilabu. Hawana lugha ya kusemeshana, basi wanafungua masanduku na kuonyeshana mawe ya kupimia, jiwe kwa jiwe. Katika ndoto hiyo, alisema, mawe yao huwa sawa.

Yeye alikuwa Mwislamu, wa asili ya Tabora, hajapata kuonja hata togwa iliyochacha. Katekista wetu alimchokoza kila Ijumaa akimwona anatoka msikitini, akamwuliza vipimo vya mvinyo vya padri vinaendeleaje, na yeye akajibu kwamba havijambo na vimemsalimu. Mambo yake mengi yalikuwa hivyo, yanapingana na hayagombani. Mtu aliyepima mawe ya watu kwa miaka yote hiyo hakuweza kupika wali, ama ulikuwa uji ama changarawe. Sukari ya chai aliimimina kwa kuinamisha kopo. Saa yake ya ukutani ilikuwa nyuma dakika ishirini na hakuirekebisha, eti inajulikana. Kifaransa alikijua kwa kamusi, kwa ajili ya kijitabu cha alama alichopewa na yule padri, kila neno limeandikiwa maana kwa penseli. Mtawa kutoka Burundi alipopita tukamsukumia amsemeshe. Hakujua kumwamkia. Alimwuliza kama sahani za nyumba yao ni za bati safi au la kawaida.

Kununua ndiko kulikomshinda kabisa. Nilimsindikiza mara moja Ushirombo kwa bibi mmoja mwenye sahani yenye F, imara, haina hata mkunjo. Bibi alitaka bei ya kuku. Mtu mwingine angelipa na kuondoka mbio. Yeye akamweleza bibi yule kwamba sahani ni nzuri kuliko anavyodhani, akamwonyesha taji, akamwachia hata lenzi aangalie. Bibi akaitazama, akaitazama, akaifunga kwenye kitenge na kusema haiuzwi tena. Njiani nilikuwa na hasira kwa niaba yake. Yeye aliniambia kwa upole kwamba sasa angalau haitanyweshewa kuku.

Seti ya vipimo saba, alikuwa navyo sita. Kati ya lita moja na kile kinachofuata kwa udogo, rafuni, palikuwa na nafasi, na kwenye nafasi alikunja kitambaa cheupe. Kila alipopangusa vyombo alikikung'uta pia kitambaa kile. Nilimwuliza kinangoja nini, akasema nusu lita. Vyote sita vilikuwa na herufi ya mwisho ileile, T. Yeye alisema huo ndio mwaka vilipofungwa kwenye sanduku kuja kwetu, na tangu hapo hakuna mtu aliyevikagua. Nikamwambia si wewe upo, vipige wewe. Akasema nyundo aliirudisha ofisini siku ya kustaafu, na hata angekuwa nayo, muhuri haukuwa wake, alikuwa ameazimwa.

Kilichobaki kwake ni Jumamosi. Kila Jumamosi asubuhi alitoa meza barazani, akapanga mawe yake mwenyewe aliyoyanunua, na wauza mchele wa Kagongwa wakamletea mizani zao awaangalizie, bure. Hakugonga kitu. Alisema tu, "Hii nzuri," au "Hii inakuibia wewe mwenyewe," na neno lake lilitosha. Mteja akibisha sokoni, muuzaji alijibu kwamba mizani imetoka kwa mzee, na ubishi uliishia hapo. Mimi nauza mchele. Najua neno lile lilikuwa na uzito gani.

Sasa niseme tulivyomfanya.

Nyumbani kwetu palikuwa na kikombe kirefu cha kijivu chenye mkono, tulichokiita Demi kwa sababu ndivyo kilivyoandikwa ubavuni, na tulidhani ni jina la padri aliyempa bibi yangu aliyekuwa akiwafulia nguo kule Ushirombo. Mama alikirithi. Alikuwa akilaza maziwa humo yagande, na mgeni wa heshima alipewa mtindi ndani ya Demi. Mimi nilikizoea tangu nizaliwe, na kitu ulichokizoea hukioni. Jioni zote zile nilizokaa mbele ya rafu, nikitazama kitambaa cheupe, sikupata kufikiri juu ya Demi hata siku moja. Vile vya rafuni vilikuwa vimepanguswa na chetu kilikuwa cheusi kwa moshi.

Alikuja siku ya ubatizo wa mwanangu wa pili. Mama akamletea mtindi. Aliupokea kwa mikono miwili, na nilimwona anatulia. Hakuweza kukigeuza maana kimejaa, basi akatoa lenzi na kuipitisha mdomoni mwa kikombe, polepole, mzunguko mzima. Nilijua kabla hajaiweka lenzi mfukoni kwamba Demi ndiyo nusu lita yake; hata neno lile, kwa Kifaransa, ni nusu. Nilitaka kucheka kwa furaha.

Hakusema neno la seti. Alimwuliza mama nani hunywea kile kikombe. Mama akasema wajukuu, kila asubuhi, mtindi uliolala.

"Mama Kabula," akasema, "chombo hiki kina risasi. Mvinyo ulikuwa unapimwa humo na kutoka, haukukaa. Mtindi ni mkali, unalala humo, unaitoa risasi kidogo kidogo. Tafadhali, watoto wasikinywee."

Mama alimtazama. Wageni walikuwa wamejaa, na wote walikuwa wametazama lenzi ilivyozunguka.

"Na wewe unakitaka?"

Hapo ndipo mtu mwingine yeyote angesema hapana. Angesema nilikuwa naangalia tu, mama, karibu tule. Yeye alifikiri, kama kawaida yake.

"Nakitaka," akasema. "Nakitafuta tangu kabla sijastaafu. Lakini hilo ni jambo jingine."

Mtu wa huku haulizi zaidi. Sote tuna ndugu kwenye maduara, mashimo ya dhahabu, na sote tunajua broka, dalali wa madini, anavyofanya: anaokota jiwe lako, anakwambia halina kitu, tena lina sumu litupe, halafu anaomba alibebe yeye. Akishasema hivyo unalikumbatia jiwe na kulala nalo. Mama alisimama, akakichukua kikombe mkononi mwake na mtindi ungali ndani, akashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja kwa kututembelea." Kisha akasema kwa sauti ya wote kusikia kwamba wezi wengine huja na miwani. Mzee akatafuta viatu vyake. Hakuna aliyemsindikiza, hata mimi.

Kesho yake habari ilikuwa mashineni kwenye kukoboa mpunga: Bwana Mizani ametaka kumpokonya mjane fedha ya padri kwa kumtisha na sumu. Mimi niliulizwa kama ni kweli, na sikusema ni kweli, lakini nilisema nilikuwapo na lenzi niliiona. Ilitosha. Watu wakaanza kujiuliza mzee anayewatazamia mizani bure anapata nini. Jumamosi ile walikwenda watatu. Iliyofuata, mmoja, mgeni wa Isaka asiyejua. Baada ya hapo hakuna.

Yeye aliendelea kutoa meza. Nilipita upande wa pili wa njia na mizani yangu nikimwona ameketi, mawe yamepangwa kwa ukubwa, mikono magotini. Aliniitikia shikamoo yangu kama zamani. Sikuingia tena kutazama rafu saa kumi.

Na bado sijasema baya lenyewe. Mwezi ule nilikichukua kikombe mama akiwa shambani, nikapanda bodaboda mpaka kwa broka wa kaka yangu upande wa Bulyanhulu. Nilikuwa nimeshaanza kujenga nyumba kichwani. Broka akakitazama, akachukua tupa, akakwangua mdomoni, palepale kwenye herufi za mwisho, nami sikumzuia. Akadondoshea tindikali, akangoja. Karasha ilikuwa ikisaga mawe nyuma ya kibanda na ilibidi aniambie mara mbili.

"Bati na risasi, dada. Usimpe mtoto akinywee."

Nilirudi na Demi nimekifunga tumboni kwa kanga, vumbi jekundu limenijaa mdomoni. Nilikuwa na neno lile ambalo lingemrudishia mzee watu wake wote, na sikulisema. Ningelisemaje? Ningekiri nilikipeleka, ningemwaibisha mama mbele ya mtaa, na mimi mwenyewe ningekuwa mjinga wa kupeleka bati kwa broka. Mama aliliona kovu la tupa. Nikamwambia broka ameshindwa kujua ni madini gani. Akakichukua bila kuuliza na kukirudisha juu ya kabati alikokuwa akikiweka tangu ile siku ya ubatizo, akijaza humo vifungo na sindano. Nilidhani anakificha.

Miaka sita ikapita hivyo. Mizani za kidijitali zimeingia Kagongwa, zinabandikwa karatasi badala ya kugongwa muhuri. Mwanangu yule yuko darasa la pili. Na mwaka huu mama aliugua, akalala wiki tano, na katika wiki ya nne akanituma niteremshe kikombe. Alimwaga vifungo kitandani, akakipangusa kwa upande wa shuka.

"Kipeleke kwa mwenyewe," akasema. "Mwambie watoto hawakukinywea tena. Tangu jioni ileile."

Nilimwuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Akageuzia uso ukutani. Alisema alishamwita mtu mwizi mbele ya watu, sasa angeanzia wapi. Mimi nilikuwa mtoto wake kweli.

Tulimzika. Arobaini ilipopita nilikwenda, saa kumi jioni, maana sikujua saa nyingine ya kwenda nyumba ile. Alikuwa amekonda, na jicho la kulia lilikuwa na utando. Rafu ilikuwa palepale. Kitambaa cheupe kilikuwa palepale, kimefuliwa mpaka kimekuwa chepesi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, Kabula. Pole na mama. Nilikuja makaburini, nilikaa nyuma."

Nilifungua kanga nikamwekea kikombe mapajani. Hakukigeuza. Aliweka viganja vyake viwili pembeni mwake, kama mtu anayepasha mikono moto. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Na wale watoto?"

Nikampa maneno ya mama, yote, na ile jioni ileile. Alivua miwani. Alilia bila kujificha, mzee wa watu, machozi yakimshuka kwenye mikunjo, na nilitamani ardhi inimeze. Alichosema ni kwamba basi alisikilizwa. Alikirudia mara mbili.

Kidole chake kikaanza kuzunguka mdomo wa kikombe, kikisoma kwa kugusa, kikafika kwenye kovu la tupa na kusimama. Nikamwambia. Nilimwambia safari ya bodaboda, tupa, tindikali, neno la broka, na miaka sita ya kunyamaza nalo. Sikutafuta maneno mazuri, hayakuwapo.

"Kwa hiyo wewe ulijua."

"Nilijua, baba."

Alitazama nje kwenye baraza, ilipo meza.

"Jumamosi zile zilikuwa ndefu, Kabula," akasema.

Nilistahili maneno mengi kuliko hayo. Jua likaingia. Vyombo vikaanza kuchukua mwanga, kimoja baada ya kingine, na sita vile vyenye T vikakaa vinatutazama. Nikamwambia kilichoniuma zaidi, kwamba herufi za mwisho nilizifuta, kwamba sasa hakuna wa kujua kama hiki ni ndugu wa vile au ni nusu lita nyingine tu ya mtu mwingine. Nilikuwa nimemletea kitu alichokitafuta nusu ya maisha yake, na nilikuwa nimekifanya kisiweze kujisemea.

"Bibi yako alipewa na padri gani?"

"Wa Ushirombo. Aliyekuwa akimfulia. Ndivyo mama alivyosema."

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo."

Akainuka kwa kushika mkono wa kiti. Alikiondoa kitambaa cheupe, akakikunja, akaniwekea mkononi. Kisha akakiweka kikombe kwenye nafasi yake, kati ya lita na kile kidogo, akakisogeza kwa kidole mpaka mkono wake ukalingana na mikono ya vingine. Mabega ya vyombo yalishuka vizuri, ngazi moja isiyo na pengo. Nilingoja atoe lenzi. Mtu yule aliyeinua sahani ya pilau kuisoma chini, ambaye hakuamini hata mwaka uliogongwa kwenye sahani, sasa alikuwa na kovu tu na maneno ya mama yangu. Lenzi ilibaki mfukoni.

Tukakaa. Alininong'oneza kwamba yule mwenzake wa koti lililolowa hajamjia ndotoni siku nyingi. Nikamwambia huenda mvua ya kwao imemzuia. Akasema huenda.

Jumamosi iliyofuata sikupanda bajaji. Nilijitwika mizani yangu ya mchele kichwani, nikapita njia ndefu, ile inayozunguka mashine ya kukoboa na soko zima, saa watu wamejaa. Waliniuliza naipeleka wapi mizani ile, na wengine waliuliza kwa kejeli. Kwa kila mmoja nilisimama, nikaitua chini, na kumweleza tangu mwanzo: kikombe, tupa, na alichosema broka. Nilichelewa sana kufika barazani kwa mzee. Alikuwa ameshapanga mawe, na nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja na mizani yake.